Glosi na Picha za Mama Yake

Jina lake halisi analijua mkewe na walimu waliomwandikisha shule. Sisi wa mtaani tulimwita Glosi, kwa ajili ya ile karatasi ya kung'aa aliyoipenda kupita kiasi. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kimepakana na duka lake la kuchapisha picha, na kilichotutenganisha ni ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila alichomwambia mteja nilikisikia, nitake nisitake. Nimesikia habari za wino mpaka zimenitoka puani.

Mteja akiingia akasema anataka picha "yoyote tu, ya haraka", Glosi alikuwa ananuna. Anamkalisha kitini, anaanza somo. Wino ni wa aina mbili, anamwambia. Kuna wino wa maji, ambao rangi yake imeyeyuka yote. Huo unazama ndani ya karatasi na kutoa rangi iliyokolea, ngozi ya mtu ikaonekana ina damu ndani yake. Halafu kuna wino wa pigmenti, wenye unga laini usioyeyuka. Huo unakaa juu ya karatasi, hauogopi maji sana na jua linachelewa kuupausha, ila ukiuweka kwenye glosi unapakazika kwa kuguswa tu na kidole. Printa yake ilitumia yote miwili: nyeusi ya maandishi ilikuwa ya pigmenti, na rangi nyingine, yaani buluu, waridi na manjano, zilikuwa za maji.

Akimaliza wino anahamia karatasi. Ya kawaida, ile ya fotokopi, aliidharau kwa sababu inafyonza wino ovyo na picha inapauka. Ya mati aliivumilia, maana haing'ai lakini angalau haishiki alama za vidole. Glosi ndiyo aliyoiona ya watu wenye heshima zao. Ili kujua upande wenye utando wa kupokea wino, aliigusisha kona ya karatasi kwenye mdomo. Upande unaonata ndio wa kuchapia. Wateja walimcheka wakidhani anaibusu.

"Glosi, mpe mtu picha yake aende zake!" nilikuwa napiga kelele kupitia mbao.

"Wewe shona, dada. Mimi nikuachie pindo, uniachie wino."

Lakini mkono alikuwa nao, siwezi kumnyima haki yake. Watu walimletea picha zilizochapwa kwingine, bibi harusi kawa mwekundu kama aliyeunguzwa na jua, mtoto kawa rangi ya majivu, naye akazichapa upya kila mtu akarudishiwa ngozi yake. Na kila mteja alimsindikiza mpaka mlangoni kwa onyo lile lile: weka mbali na maji, hii ni ya wino wa maji. Nililisikia hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Mama yake alikuwa bibi mwembamba, msafi, mwenye maneno machache. Aliishi na Glosi na mkewe, mwendo mrefu kutoka dukani. Zamani alikuwa anakuja kumwona mwanawe kazini, anapita kwangu, nampima gauni, tunacheka. Kisha akili yake ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Mara ya mwisho Glosi alipomleta, aliketi kwenye kiti cha wateja, akatazama picha ukutani, akauliza hapa ni kwa nani. Glosi alicheka kwa nguvu. Jioni nilimwona anafuta macho. Hakumleta tena, akasema duka limeshamtoka mama kichwani, kumleta ni kumsumbua.

Asubuhi moja mkewe alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Aliporudi ndani alikuta mlango wa mbele uko wazi, kitanda kitupu, na kandambili za mama hazipo. Simu iliingia dukani, na nilichosikia kupitia mbao ni kiti kilichoanguka. Siku ile tulizunguka mpaka miguu ikavimba. Tulikwenda polisi wakatuandika, tukaenda hospitali, tukapita vichochoro tukiuliza kila aliyekuwa na macho. Tukaambulia patupu.

Kesho yake Glosi alifungua duka mapema, macho mekundu, hajala. Alitaka kuchapa matangazo. Nilimwambia, kwa upole kabisa, jambo ambalo si kawaida yangu: "Kaka, chukua karatasi ya kawaida, weka picha ya mama kwa nyeusi tu, toa nyingi, tukabandike. Sasa hivi."

"Nyeusi tu?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mama ni maji ya kunde, dada. Ana kovu la hudhurungi juu ya nyusi. Ukimtoa kwa nyeusi kwenye karatasi ya fotokopi anakuwa bibi yeyote. Nani atamjua?"

Nilikwenda kutafuta gundi. Angekuwa mtu mwingine ningebishana naye, lakini huyu ndiye aliyejua sura za watu, na mama alikuwa wake.

Basi akaanza. Picha ya kwanza ikatoka mama akiwa kijani. Waridi ilikuwa imeziba kwenye kichwa cha printa, kwenye yale matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Akaiamuru printa isafishe kichwa. Ikanguruma, ikanywa wino, ikatoa karatasi ya majaribio yenye mistari iliyokatika. Akasafisha tena. Mistari bado imekatika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na gundi mkononi, na kila mngurumo ulikuwa ni muda ambao mama yuko nje peke yake.

"Mtazame," alisema, akinionyesha ule uso wa kijani. "Mtazame mama yangu, dada. Siwezi kumtoa hivi."

"Mtoe tu!"

"Siwezi."

Asubuhi yote ikaliwa hivyo. Waridi ilipofunguka alianza kusaka rangi ya shavu: manjano imezidi, buluu ipungue kidogo, hapana, irudi. Leo naelewa. Kila kitu kilikuwa kimemponyoka, na rangi ya shavu lile ndiyo pekee iliyokuwa bado inamtii. Siku ile sikuelewa. Nilimchukia hasa.

Mchana tukawa na rundo. Uso wa mama kwenye glosi, mzuri, maji ya kunde yenyewe, kovu lake juu ya nyusi. Na maneno kwenye karatasi ya kawaida, kwa ile nyeusi ya pigmenti, kwa kuwa kwenye glosi yangepakazika. Tukaibandika picha juu ya kila karatasi ya maneno. AMEPOTEA MAMA MZEE, AKIONEKANA TAFADHALI PIGA, halafu namba ya simu. Tuliyatundika nguzoni, kwenye kuta, vituoni, zahanati, hata kwenye milango yetu wenyewe. Watu walisimama kutazama, maana yalikuwa matangazo mazuri. Glosi alilala na matumaini kidogo. Mkewe alibaki nyumbani na mlango wazi, mama akirudi amkute mtu.

Alfajiri ikanyesha. Haikuwa ile mvua ya kutishia na kuondoka. Ilimwagika kwa hasira mpaka mifereji ikafurika. Nilifika dukani nimelowa na kumkuta Glosi amesimama mbele ya mlango wake, mkononi tangazo alilolibandua nguzoni. Maneno yalikuwa palepale, meusi, imara, hayakutikisika hata herufi moja. Juu yake palikuwa na karatasi nyeupe yenye michirizi ya waridi na buluu inayoteremka. Uso haukuwepo.

"Yote," alisema. "Nimepita kote. Yote yako hivi."

Nilitaka kumzaba kofi, Mungu anisamehe, na nilitaka kumkumbatia. Mtu aliyewaonya wateja wote, wa harusi na wa vitambulisho, waweke picha zao mbali na maji, alikuwa amemtundika mama yake nguzoni kwa wino wa maji. Hakuwa mjinga. Alikuwa amemchapa kama alivyozoea kumchapa kila mtu, kwa jinsi alivyoona ni bora, na akili yake haikuwa na nafasi ya kuwaza mawingu.

"Ingia ndani," nilimwambia. "Karatasi ya kawaida. Nyeusi tu. Sitaki kusikia neno."

Aliingia. Aliiambia printa kwamba karatasi ni ya kawaida, ili itumie ile nyeusi ya pigmenti, na picha zikaanza kutoka chapuchapu, moja juu ya nyingine. Aliokota ya kwanza. Mama alikuwa amepauka kidogo, hana rangi, kovu limekuwa doa jeusi. Alimtazama sana.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa." Akaketi chini sakafuni, akalia kwa sauti.

Hapo simu zikaanza kuingia. Namba ilikuwa inasomeka vizuri, na kwa kuwa hapakuwa na uso, kila bibi aliyeonekana anazubaa alikuwa ndiye. Tuna mama mzee hapa kituoni. Kuna bibi amekaa nje ya kanisa, hasemi. Tulikimbia kila tulikoitwa. Sikujua kuna vikongwe wengi hivyo waliopotea bila kutafutwa. Mmoja aliushika mkono wa Glosi, akamwita kwa jina la mtu mwingine, akagoma kuuachia. Glosi alimwahidi kwamba mwanawe anakuja. Tulipotoka pale hakuniangalia usoni.

Baada ya hapo tukachukua matangazo mapya, tukafunga duka lake na langu bila kukumbuka yale yaliyofutika milangoni mwetu, tukaenda upande wa stendi kubwa, kwa sababu mtu mmoja alidai alimwona bibi akipanda gari. Mvua ilikuwa inapungua na kuzidi. Tulikuwa tunabandika kwenye ukuta wa vyoo vya stendi simu ilipolia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa gundi, nilibonyeza mimi kipaza sauti.

"Haloo, kaka? Samahani. Nimeona karatasi ya mama aliyepotea, ila picha imefutika. Kulikuwa na bibi mmoja hapa, sijui kama ndiye."

"Hapa wapi, dada yangu?"

"Hapa kwenye hili duka la picha lililofungwa. Karatasi yenyewe iko mlangoni."

Glosi alitupa gundi chini akakimbia. Mimi nina mwili wangu, lakini siku ile nilikimbia. Njiani alikuwa anasema peke yake, anarudia rudia, amekuja kwangu, amekuja kwangu, na mimi nikawa najua anachokisema: duka halikumtoka mama kichwani.

Aliyepiga simu alikuwa mwanamke muuza vocha, mgeni mtaani kwetu, ndiyo kwanza ameweka mwavuli wake ng'ambo ya barabara. Alikuwa peke yake. Mlangoni pa Glosi hapakuwa na mtu.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka, kaka. Alikaa hapo kwenye ngazi muda mrefu, kalowa chapachapa, anatetemeka. Anabisha hodi, anangoja, anabisha tena. Nilimwuliza, bibi unamtaka nani? Akasema mwanangu yumo ndani. Nikamwambia pamefungwa. Akasema atafungua."

"Halafu?"

"Halafu akainuka akapita huku pembeni. Muda ukapita sikumwona akirudi, ndipo nafsi ikanisumbua, nikapiga."

Pembeni kuna kichochoro kinachozunguka nyuma ya vyumba vyetu. Nadhani alikuwa anatafuta mlango mwingine. Tuliingia sote watatu, Glosi mbele anaita, "Mama! Mama, nimefungua!" Nyuma kuna jengo ambalo halikumalizwa, lina kuta na halina paa. Alikuwa ameketi ndani, kwenye kona, mgongo umeegemea matofali yaliyo upande wa duka la mwanawe, kandambili moja mguuni. Mvua ilikuwa inamnyeshea usoni na hakuwa anafumba macho.

Glosi alipiga magoti kwenye tope. Alimfuta maji usoni kwa kiganja, maji yakarudi, akamfuta tena. Alimpulizia mikono yake pumzi ya moto. Alimwita kwa jina ambalo watoto wadogo humwitia mama. Nilimgusa shingoni, nikashika ubaridi, nikajua, na sauti iliyonitoka sikuitambua.

Muuza vocha alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kichwani.

"Ndiye?" aliuliza. "Kaka, ndiye mwenyewe?"

"Ndiye," alisema Glosi bila kugeuka. "Ndiye mama yangu. Alikuwa mbele yako, dada. Alikuwa pale na karatasi iko pale. Mbona hukumshika?"

Yule mwanamke alianza kulia.

"Niliitazama ile karatasi, kaka. Nikaitazama, nikamtazama na yeye. Haikuwa na mtu. Ningemjuaje?"