Mutambala ikitapika matope, achaneni na mafundi wa video: siku nne za kusaka sangala hapa Baraka

Wakuu, habari za popote mlipo. Naandika nikiwa bado na hasira, na nitawaambia kila kitu kama kilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha. Kiswahili changu ni cha huku Kivu, Kongo, mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa simu na solar hapa Baraka. Ziwa Tanganyika naliona kila siku, lakini nimezaliwa Lubondja, ndani huko, kwa watu wa mihogo. Mke wangu Esperance ni wa Swima, na baba yake amevua samaki tangu ujana.

Siku ya harusi yetu huyo mzee alisema mbele ya watu wote: "Mukwe yangu ni muntu muzuri, lakini anakulaka samaki ya bengine."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, lakini liliniingia.

Sasa mwezi uliopita akapiga simu kwamba anakuja kututembelea Jumamosi, mara ya kwanza kulala kwangu. Mdomo wangu huu, wakuu, sijui nani aliutuma. Nikamwambia: "Papa, utakula sangala ya mukono yangu."

Sangala ni samaki mkubwa wa ziwa letu, si wa kuokota. Esperance alinitazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

Tatizo ni kwamba mvua ilikuwa imepiga milimani wiki nzima. Mto Mutambala ukashusha matope yote ziwani. Tanganyika ambayo siku nyingine unaona jiwe chini kabisa, ikawa kama chai ya maziwa. Ukitumbukiza mkono, vidole huvioni.

Nikaingia kwenye video. Kuna jamaa mmoja, kofia safi, boti safi, anasema tumia chambo cha chuma kinachong'aa na uvute haraka. Nikaagiza vitano. (Baadaye nikaangalia vizuri: maji yake yalikuwa yanaonekana hadi chini. Kwa nini sikuangalia mwanzoni? Msiniulize.)

Nikaazima mtumbwi. Wa kunisaidia kupiga kasia akawa jirani yangu Ruben, tunasali kanisa moja. Ruben ni mtu wa Bibokoboko, juu milimani, amekulia kwenye ng'ombe, alishuka huku na familia yake miaka michache iliyopita. Kuogelea hajui. Samaki alikuwa anawajua kwenye sahani tu. Lakini ndiye pekee aliyekubali.

Jumanne: tumerusha, tumevuta, hakuna kitu. Vyuma viwili vikanasa kwenye matawi yaliyozama, vikabaki huko.

Jumatano: hakuna kitu. Kingine kimekwenda.

Alhamisi nikasema twende mbali, tutafute maji safi. Hatukufika. Gogo lililoletwa na mto lilikuwa limejificha chini ya yale matope, tukaligonga, mtumbwi ukalala upande, Ruben akaingia majini.

Wakuu! Mdomo wa Mutambala una mamba, kila mtu hapa anajua. Nilimshika koti, nikavuta kwa nguvu zote huku nalia "Yesu! Yesu!" Yeye naye analia "Nakufa, ndugu, nakufa!"

Nikavuta mpaka nikagundua amesimama. Maji yalikuwa ya kifuani.

Hatukucheka. Tulirudi nyumbani, na vyuma viwili vya mwisho vilikuwa vimezama pale pale. Nilimwambia asirudi tena, sitaki kwenda kuomba msamaha kwa familia yake.

Ijumaa asubuhi nakuta Ruben ananingoja kwenye mtumbwi, amejifunga bidoni tupu, dumu la plastiki, kifuani kwa kamba ili asizame.

"Siwezi kuacha we peke yako," akasema. Basi.

Chambo sina. Nikachukua ndakala, dagaa wetu wa huku, walioanza kunuka, waliobaki jikoni, nikawatia kwenye ndoano ya kawaida na kirisasi kidogo. Mbali sikutaka tena. Tukakaa karibu na matete, nikaacha uzi ushuke chini kabisa.

Ndipo Ruben akaanza kupiga lile bidoni. Du, du, du. Bila kuchoka.

"Acha kupiga! Uko unakimbiza samaki!"

"Samaki gani? Siku ine hii hatujaona ata moja. Nitakimbiza gani?"

"Sasa unapiga ya nini?"

"Mamba ijue kama huku kuko bantu."

Nilitaka kumtupa majini mwenyewe. Nilikuwa bado natafuta tusi la kufaa kanisani, uzi ukavutwa mpaka ukanikata kidole. Sangala, wakuu! Mrefu kama mkono wangu wote. Kabla jua halijawa kali tukapata wa pili, na Ruben hakuacha kupiga.

Jumamosi mzee akala, akanyonya kichwa mpaka mifupa ikawa myeupe. Kisha akauliza: "Uliwapata namna gani na maji hii?"

Ningeweza kudanganya. Esperance alikuwa ananiangalia. Nikamweleza yote, ndakala wa kunuka, matete, na lile bidoni.

Mzee akatikisa kichwa. "Kwa maji ya udongo samaki hatumii macho. Anasikia, ananusa. Huyo Ruben iko wapi?"

Jumapili baada ya ibada, baba mkwe akavaa buti zangu, akamwita Ruben, wakaenda ziwani wawili. Mimi niliachwa nyumbani namenya mihogo.

Nilichojifunza: maji yakichafuka, vitu vya kung'aa ni vya kumfurahisha mvuvi, samaki havioni. Tafuta chambo chenye harufu, kaa karibu na matete, nenda polepole. Kelele, siwezi kuapa kama ndizo zilizowaita au ni bahati. Na ukiahidi kitu kwa mkwe, kwanza angalia rangi ya maji.

Wenye ujuzi wa maji ya matope, shukeni hapa mniambie ukweli wa hilo bidoni. Wa kucheka pia ruksa, nyumbani kwangu wameshaanza.