Mahali pa Kuchimba

Kila ninaponusa udongo mbichi uliochimbuliwa, naikumbuka likizo ile. Nilifika kwetu Handeni baada ya siku nzima ya basi na miguu kutoka shuleni Korogwe, nikasema nimechagua jiografia.

"Si ndiyo elimu ya ardhi hiyo?" baba mdogo alisema. "Basi tuoneshe pa kuchimba kisima, bwana msomi."

"Mwanangu anajua," mama akajibu.

Nikashindwa kusema sijui. Nilinyoosha kidole penye nyasi za kijani.

Walichimba wiki mbili, wakakuta mwamba mkavu. Hakuna aliyenilaumu. Asubuhi mama alichukua ndoo, akalipita shimo bila kulitazama, akaenda bwawani, mwendo wa saa mbili. Sikumsubiri arudi. Nilipanda gari la Korogwe, na nyumbani sijarudi tena.