Siku Niliyomsimamisha Amisi Mstarini

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kiangazi kule Chinongwe, Ruangwa, ambayo nikiikumbuka hadi leo mwili hunisisimka. Nimeishi sana. Nimezaa, nimezika, nimefundisha watoto ambao sasa wana wajukuu, lakini nililoliona asubuhi ile sijaliona tena popote. Kaa hapo nikusimulie. Na hiyo simu iweke chini kwanza, haitakukimbia.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na minne, Mhaya wa Bukoba niliyepangiwa kusini bila kuulizwa. Wakaniita Mwalimu Koku. Nilikuwa mjuaji, mwanangu, we acha tu! Nimelelewa na masista, nimetoka JKT na gwaride langu, nina Kiswahili cha redioni na kimbelembele cha kutosha kata nzima. Wazee wa Kimwera waliniheshimu kwa sababu ya kazi yangu, nami nikadhani wananiheshimu kwa akili zangu.

Tena nilikuja na uchungu wangu. Vita vya kule kwetu Kagera vilituacha na baba asiye na nyumba na kaka ambaye hatujui kaburi lake liko wapi. Nikisikia mtu anatajwa kuwa adui, damu ilinichemka hapo hapo, sikuuliza la pili.

Miaka ile ya themanini wakimbizi wa Msumbiji walikuwa wanaingia kusini kila kiangazi. Kabla ya Chinongwe nilifundisha kidogo Nachingwea, na wenyeji wa huko walinisimulia jinsi wapigania uhuru wa Msumbiji walivyofundishwa vita pale pale kwao, na jinsi walivyoondoka wakiimba nchi yao ilipopata uhuru, watu wamejaa barabarani kuwaaga. Haikupita miaka mingi, watu wa nchi ile ile wakaja tena, safari hii kwa miguu, hawana viatu, wamebeba sufuria na watoto. Walikuwa wanauana wenyewe kwa wenyewe. Wenyeji wa Nachingwea walikuwa wananihadithia hayo huku wanatikisa vichwa, hawaelewi. Mimi nilielewa kila kitu! Nilipofika Chinongwe niliwaambia wanafunzi wangu: Makaburu wametoa bunduki, vibaraka wamezipokea, basi, somo limekwisha. Nikachora ubaoni duara mbili, huku wema, huku wabaya, na watoto wakanakili, nami nikaziacha pale pembeni mwa ubao.

Jirani yangu Chinongwe alikuwa mmoja wa wakimbizi hao, Bibi Atija, Mmakua, aliyefikia kwa ndugu zake pamoja na mjukuu wa kike. Mumewe alikuwa mkuu wa ukoo kule kwao. Waasi walichoma kijiji chao na kumuua mume huyo yeye akiangalia. Hilo tulilijua kwa kuambiwa na wengine, maana mwenyewe hakulisema hata mara moja. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anapenda ugoro, na kila nikirudi kazini nilimkuta amenitengea muhogo wa kuchemsha.

Basi, asubuhi hiyo akaja kijana shuleni. Nilikuwa ofisini peke yangu nasahihisha madaftari. Alisimama mlangoni, hakuingia. Shati lake lilikuwa matambara, na miguu imechanika vibaya. Akaniamkia, akaomba maji, akanywa kata tatu mfululizo. Kisha, kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, akaniuliza kama watu wa kijiji chao wamefika hapa. Akakitaja kijiji. Kilikuwa kile kile cha Bibi Atija.

"Wapo," nikamwambia. "Wewe ni ndugu yao?"

Akanieleza, mwanangu, bila kuficha. Waasi walimteka njiani akitoka shule, wakampa bunduki na jina lingine. Siku walipochoma kijiji chao yeye alikuwemo, alibeba kuni zinazowaka kwa mikono yake. Baadaye akatoroka, akavuka Ruvuma, akatembea akila matunda ya porini. Akaniomba kitu kimoja tu: niende kwa wazee wake kwanza, niwaambie polepole kwamba amekuja. Alinichagua mimi kwa kuwa ni mwalimu. Alidhani mwalimu anajua kusema na watu.

Unajua nilifanya nini? Nilitoka nje nikaligonga rimu la gari, kengele yetu ya shule, mfululizo bila kupumua. Ugongaji ule kijiji kizima kiliujua, maana yake hatari, mgambo waje. Watoto wakapanga mstari kama nilivyowazoesha. Nikamshika yule kijana mkono, nikamsimamisha mbele ya mstari, nikamwamuru avue shati wamwone vizuri. Akavua. Kisha nikahutubia, kwa sauti ile ya JKT: "Mnasoma kila siku habari za wabaya. Leo mmemwona mmoja!"

Lo! Nilijiona nimelikomboa taifa.

Watu walikuja mbio, wenyeji na wakimbizi, wengine wametoka shambani na mapanga yao. Wakimbizi walimtambua papo hapo. Baba mmoja, Selemani, aliyepoteza wanawe wawili katika moto ule, alitoa mlio ambao si kilio wala si neno, akaanza kumwendea na panga mkononi. Kijana hakukimbia. Alisimama tu kifua wazi, ameangalia chini, na mkojo ukamtoka mbele ya watoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Niliona wazi kwamba huyu mtu anauawa sasa hivi, na mimi ndiye niliyemleta.

Bibi Atija alipita katikati ya watu. Hakukimbia wala hakupaza sauti. Alikwenda akasimama baina ya Selemani na yule kijana, mgongo wake kwenye panga, uso wake kwa kijana.

"Wewe jina lako nani?" akamuuliza.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa analitafuta. Mwisho akasema, "Amisi."

"Amisi wa nani?"

Akamtaja mama yake. Bibi Atija akaitikia kwa kichwa. "Mama yako tulichota naye maji kisima kimoja," akasema. "Kaa chini, mjukuu wangu."

Akamtuma yule mjukuu wake wa kike nyumbani alete unga wa mtama. Tukangoja. Watu mia na zaidi, mwanangu, na hapakuwa na aliyekohoa. Hata watoto walitulia, na wale watoto nawajua mimi. Unga ulipofika, Bibi Atija akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la shule yangu, akaumimina kidogo kidogo chini mpaka ukawa kilima cheupe, akaanza kusema na mumewe aliyekufa. Alisema Kimakua, halafu akarudia Kiswahili ili sote tusikie.

"Mume wangu, mtoto aliyekuja kwako na moto, leo amekuja hana moto. Amekuja na kiu. Mimi nimempokea. Na wewe mpokee, umwache alale."

Kisha akachota unga kwa vidole akampaka Amisi kwenye paji la uso na kifuani, akampa maji asukutue, ateme kushoto, ateme kulia. Kwao ndivyo mtu aliyemwaga damu anavyorudishwa miongoni mwa watu. Akavua kitenge chake cha juu, akamfunika mabega. Mimi mtoto wa masista, niliyezoea kuyaita mambo hayo upagani, machozi yalinitoka yenyewe. Nilihisi niko mbele ya kitu kikubwa ambacho sina hata jina lake. Mpaka leo sina.

Usidhani wote walilainika. Selemani alitema mate, akageuka, akaenda zake, na hakuna aliyemlaumu. Tangu siku ile hakuzungumza na Amisi hata salamu. Na angesemaje, mtu aliyezika watoto wawili?

Watu walipotawanyika, Bibi Atija akanijia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya ofisi, natamani ardhi ipasuke inimeze. Akakaa pembeni yangu, akavuta ugoro wake.

"Mwalimu," akasema, "wewe unajua vita yetu ilianzaje?"

"Sijui, Bibi," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema sijui tangu nifike kusini.

"Basi ilianza hivi hivi. Tulipopata uhuru tulicheza ngoma siku tatu. Halafu wakaja vijana wa serikali, wazuri, wasomi kama wewe. Wakasema wakuu wa koo ni watu wa mkoloni. Wakamsimamisha mume wangu mbele ya watoto, wakamvua kofia, wakasema tazameni ujinga wa zamani. Unga kama huu wakaupiga teke. Wakatuhamisha kwenye kijiji cha nyumba zilizopangwa mstari, mbali na makaburi yetu. Mume wangu alinyamaza. Lakini wapwa zake waliona, Mwalimu. Waliweka moyoni."

Akafuta pua kwa upindo wa khanga.

"Bunduki zilitoka nje, ni kweli unavyofundisha. Waliozileta walitaka kutuvunja tu. Lakini walipofika usiku kugonga, wapo waliofungua, kwa sababu ya ile siku ya kofia. Na hao hao waliofunguliwa ndio waliotuchinja sote, wakianza na mume wangu. Bunduki ilitoka kwa wengine. Hiyo aibu tulitengeneza wenyewe."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Aliinuka akaenda kumpikia Amisi uji. Afadhali angenichapa.

Nilikaa siku nne nikikusanya ujasiri, kisha nikaenda kwake. Amisi alikuwa anamlimia Bibi kishamba chake cha mihogo. Nikapiga magoti kwenye matuta, mimi Mwalimu Koku, nikamwomba Amisi msamaha mbele ya majirani, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya majirani. Akaniangalia sana. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nyanyuka, utachafuka." Hakusema amenisamehe. Sikudai.

Na siku iliyofuata niliingia darasani, nikazifuta zile duara mbili.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana ndilo nililokuitia. Nchi haifi siku bunduki inapoingia. Inaanza kufa siku mnapozoea kumsimamisha mtu mbele ya wenzake mkamvua utu wake, mkacheka, mkaenda kula. Leo mnafanya hivyo kwa simu, na wanaocheka ni wengi kuliko wanafunzi wangu. Msahihishe mtu akikosa. Kuna sheria, kuna mahakama, kuna kumwita pembeni. Lakini usimdhalilishe, hata kama una haki, hata kama una uchungu kama niliokuwa nao mimi. Na akikujia mtu unayemwita adui, kabla hujaita watu, muulize jina lake na la mama yake. Kisha msikilize mpaka mwisho, kama alivyoniomba Amisi nami nikashindwa.

Nenda sasa. Mungu akulindie miguu yako na ulimi wako. Akupe kazi, akupe watoto, akupe na wa kukuzika. Na siku akikupa cheo, mwanangu, akupe na kuona haya.