Picha ya Bibi na Ndoo

Juzi sisi akina mama tulipanda na ndoo tupu hadi ofisi moja hapa Ngara mjini kudai maji. Miaka ya nyuma askari wangetutimua kwa virungu hadi migombani. Huyu wa safari hii alitoa simu akaanza kutupiga picha. Bibi mmoja wa Mabawe akakaza kitenge, akainua ndoo juu.

“Mjukuu wangu, hiyo utanirushia?”

“Shikamoo, bibi. Nipe jina na namba.”

“Marahaba.” Akamtajia vyote, mpaka kitongoji. Nyuma yake tukapanga foleni.

Zamani askari alitoka jasho kutafuta majina yetu. Siku hizi tunampelekea. Maji hayajatoka, ila picha zipo: tumeitwa kituoni kuzitazama.