Mafuta ya Mbuzi kwenye Gitaa la Watu

Mpigaji gitaa wa kwaya moja ya Kakuma aliniachia gitaa lake hapa Lodwar alipopelekwa Kitale kutibiwa mgongo. Aliogopa kulipitisha njia ya Kainuk, kwenye majambazi.

"Mama, chunga huyu mzee," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Gitare ya mti ikizeeka, sauti inaiva. Ya mpya ni makelele tu."

Lilikuwa la baba yake. Kakuma wanalijua hata wasiomjua yeye. Wakisikia lipo, wanaingia kanisani.

Mimi gitaa silijui, na shule niliishia darasa la sita. Lakini wiki ya pili niliona ufa karibu na tundu, mwembamba kama unywele, nikaogopa. Ni joto la mabati. Kwetu Lopur chombo cha maziwa cha mti kikianza kukauka, kinapakwa mafuta ya mbuzi. Basi nikapaka, mpaka ndani nikaingiza vidole. Mbao ikanywa, nikaongeza.

Nikagusa uzi mmoja. Ikatoka sauti ya mtu aliyejifunika blanketi.

Nilifuta na kufuta. Pikipiki ikipunguza mwendo mlangoni, nachungulia kama ni yeye. Nilifikiria kumwambia ni joto. Haungekuwa uongo wote, maana ufa ulikuwa wa joto kweli. Ila hiyo sauti niliifunika mimi.

Alirudi asubuhi moja, anatembea na fimbo. "Ejok, Mama!" akanisalimia kwa Kiturkana.

Kabla hajakaa nikasema, "Nimelipaka mafuta ya mbuzi. Ni mimi."

Akalinusa. "Mama, ulitaka kuikaanga?"

Sikuweza kucheka. Akapiga, macho amefumba, akarudia uzi ule ule, na uso wake ukabadilika.

"Sauti itarudi?" nikauliza.

"Sijui. Ufa haikuongezeka, hiyo nikupe haki yako. Lakini hii si baba." Akaliweka chini. "Watasema niliuza ya mzee, nikaleta ingine. Utakuja useme?"

Usiku huo sikulala. Nilitafuta ugonjwa wa kusingizia, nikaukosa.

Jumapili nikasimama kanisani mbele ya watu wa Kakuma. Nikasema gitaa ni lile lile, aliyeliharibu ni mimi, kwa mafuta.

"Mafuta ya nini?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Ya mbuzi."

Kanisa zima likacheka. Kisha mwenye gitaa akaanza kupiga, wakaacha kucheka, wakasikiliza ile sauti ya blanketi. Sikujua nitazame wapi.