Kompyuta Arobaini na Ofisi ya Marehemu

Kwa siku tatu niliamini kompyuta thelathini na tisa zinamsubiri mtu aliyekufa.

Naitwa Dufie. Nilikuwa chuoni Kumasi, namalizia tasnifu ya mafuriko. Hesabu zake zingechukua miezi kwa kompyuta moja, kwa hiyo fundi wetu Twumasi akaunganisha arobaini za maofisini kwa mtandao, yangu ikiwemo. Kila moja inapewa kipande chake, inakifanya wakati mwenye ofisi hayupo. Zote zikimaliza, ndipo hatua inayofuata ianze.

Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Ukipita, ufadhili unakatwa, narudi kwetu mikono mitupu.

Jumatatu, Dakta Boadu wa ofisi ya pili kutoka yangu akaanguka, akafa. Mkuu wa ukoo wao akafunga ofisi, akaondoka na ufunguo; kwao ni mwiko kufungua chumba cha marehemu kabla wiki ya msiba haijaisha.

Jumanne kazi ikagoma. Skrini inasema: "Inasubiri mashine moja."

Sikuuliza ipi. Nilishajua.

Twumasi alikuwa safarini, simu haipatikani. Nikabaki kuikodolea macho skrini yangu. Kila dakika kumi nabonyeza kitufe, nachungulia. Hata nikisinzia palepale, nashtuka, nachungulia tena. Nililia mpaka nikachoka.

Alhamisi nikaenda msibani. Nikampigia magoti mjane, Mama Serwaa.

"Mama, pole. Naomba ufunguo wa ofisi."

"Maiti hata haijazikwa, we mtoto huna haya?" wifi yake akadakia.

"Mwacheni," mjane akasema. "Mume wangu alikuwa akimsifu huyu."

Akainuka na nguo zake nyeusi, akaenda kumbembeleza mkuu wa ukoo. Wanaukoo walimsema mbele za watu.

Ijumaa mchana akanifungulia mlango mwenyewe. Kompyuta ya Dakta ilikuwa inawaka.

Twumasi naye akafika, begi begani. Akafungua orodha.

"Ya Dakta ilikuwa ya kwanza kumaliza. Nani angeisumbua?" Akanigeukia. "Iliyobaki ni yako. Ukiigusa, kipande kinaanza upya. We dada, umeigusa mara ngapi?"

Nikatazama saa ya ukutani. Kipande changu kilihitaji saa sita za utulivu. Zilibaki mbili.

"Imekusaidia, binti yangu?" Mama Serwaa akauliza.

"Ndiyo, mama," nikadanganya.

Baadaye nikasikia ukoo umemtoza kondoo kwa kuvunja mwiko wa ule mlango. Hakuwahi kuniambia.

Ufadhili ulikatwa, nimeshazoea. Ila yule mama siwezi kumtazama usoni. Ndugu yangu, kabla hujagonga mlango wa mfiwa, anza kujikagua wewe.