Bi Mwanaasha na Maua ya Maboga

Bi Mwanaasha wa Mpendae alikuwa hapatani na nyuki. Kundi moja lilikaa miaka mingi katika ufa wa ukuta wake wa uani. Siku nyuki mmoja alipomuuma kwenye kope, alipandwa na hasira, akanunua dawa ya kupulizia, akawamaliza wote.

Msimu ule maboga yake yalitambaa uani kote na kuchanua, lakini kila kiboga kilichotoka kilinyauka kikaanguka kingali kidogo kama ndimu. Akadhani yamepigwa kijicho. Akasoma dua, akafukiza ubani, wapi! Mwishowe akamwita Zakir, kijana wa mtaani anayefundisha kilimo Tunguu.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha," alisema Zakir, akiangaza macho uani. "Mbona siwaoni nyuki wako?"

"Marahaba. Nshawaua!"

"Basi umeua washenga, Bi. Boga lina maua dume na maua jike, na hayakutani mpaka nyuki autoe ule unga wa manjano huku aupeleke kule."

Bi Mwanaasha alijishika kiuno. Tangu kesho yake, kila asubuhi maua yanapofunguka, aliinama na brashi yake ya wanja, akapangusa dume, akapaka jike, huku majirani wakimchungulia na kumuuliza harusi lini.

Alipata maboga matatu, na mgongo ukamuuma mwezi mzima. Boga kubwa alimpelekea Zakir.

"Hebu nambie, nyuki mmoja hupitia maua mangapi kwa siku?"

"Mamia, Bi."

"Na halalamiki mgongo! Nitafutie mzinga, mwanangu."